Wanaopekua Mawe ya Mpaka

Jumapili, 9 Machi 2025

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha jana. Leo baada ya misa nimechukua hili daftari la vipimo vya sare, nikaligeuza nyuma mbele, nikaanza kuandika. Sina desturi ya kuandika mambo yangu. Naandika kwa sababu siku nitakaposimama mbele ya ukoo wataniuliza lini, nani, saa ngapi, na sitaki kubaki nikijikuna kichwa.

Jambo lenyewe ni hili. Shamba langu na la shemeji yangu Ogwang yametenganishwa na safu ya miti aliyoipanda baba mkwe, na kila mti una mawe yaliyorundikwa shinani. Marehemu mume wangu Ochwo alinionyesha miti hiyo mwaka niliokuja kuolewa hapa Mukuju, upande wa Uganda, kutoka kwetu Amukura, upande wa Kenya. Aliniambia hiyo ndiyo hati yetu, hatuna nyingine. Sasa tangu mwezi uliopita nimeona watu mara tatu kwenye mti wa mwisho, ule wa kando ya njia. Nikiwa barazani kwenye cherehani nawaona vizuri. Wanakuja simu mkononi, wanatazama simu, wanatazama mti, wanainama na kupapasa mawe. Wakigundua nawaangalia wanajifanya wanapiga picha ya mwamba wa Tororo.

Wa leo walikuwa mwanamume na mwanamke, viatu vya bei vimejaa tope. Yule mwanamke alinipungia mkono. Sikumpungia. Hata mwizi ana mkono.

Jumanne, 11 Machi

Nimepanda mahindi upande wa chini. Hakuna aliyekuja.

Ijumaa, 14 Machi

Kila mtu sokoni anazungumza habari za madini. Wanasema kuna watu wanazunguka na mashine za kupima, wanaweka alama, halafu miezi sita baadaye unaambiwa shamba lina mwenyewe mwingine. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba Ogwang ameezeka nyumba yake upya kwa mabati ya rangi, na mimi mjane wa ndugu yake sijaambiwa mabati hayo yametoka wapi.

Alhamisi, 20 Machi

Patroba amepita kunywa chai. Huyu ni kijana wa Busia ya Kenya, anashughulikia makaratasi ya malori pale mpakani Malaba, na amepanga chumba kwa Ogwang katika ile safu ya vyumba vilivyo senta, penye maduka. Kwa kuwa tumetoka upande mmoja, ananiita Mama na mimi namfanya mwanangu. Nilimsimulia habari za wanaopekua mawe. Nilitegemea atashangaa. Aliweka kikombe chini, akauliza kama nimewahi kuongea nao. Nikasema niongee nini na watu wanaong'oa mpaka? Akasema pengine hawang'oi kitu. Kisha akakumbuka ana lori linamsubiri, akaondoka na chai imebaki nusu.

Nimeandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Chai nusu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua usiku kucha. Maharagwe yameota.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo nimeona kwa macho yangu. Saa kumi jioni Ogwang na Patroba walikuwa wamesimama kwenye mti ule wa mwisho. Ogwang alikuwa akionyesha kwa fimbo, kutoka mti hadi mti, na Patroba akiitikia kwa kichwa. Nilipotoka barazani wakanyamaza. Ogwang akanisalimia kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, nikamwitikia, kila mtu akaenda zake.

Kwa hiyo kumbe ndivyo ilivyo. Mpangaji wake anajua makaratasi na anajua watu wa mpakani. Ogwang ana ardhi ya kuonyesha, na kando ya ardhi yake kuna ya mjane ambaye binti yake wa pekee, Akello, ameolewa mbali Jinja. Nimempigia Akello simu. Amesema, mama, muulize baba mkubwa mwenyewe. Watoto hawajui dunia. Ukimuuliza mwizi umempa muda wa kuficha.

Jumatano, 9 Aprili

Patroba hajapita kwangu tangu siku ile ya chai. Leo amepita njiani kichwa chini. Nikahesabu hilo nalo.

Jumamosi, 19 Aprili

Ukoo umekaa nyumbani kwa Okia, ambaye pia ni mwenyekiti wetu wa LC, baraza la kijiji. Walikaa kwa sababu ya mambo ya mahari ya mtu mwingine, lakini nilikuwa nimeomba nafasi. Nilisimama na daftari hili mkononi. Nikasoma tarehe zote. Nikasema mbele ya watu arobaini kwamba Ogwang anauza shamba la ndugu yake aliyekufa, na kwamba mpangaji wake ndiye dalali.

Nilifikiri atapiga kelele. Alisimama taratibu, maana goti lake la kulia ni bovu, akasema hajauza hata kichuguu. Siku ile na Patroba, alisema, kijana alimuuliza miti ile ni ya nani na yeye akamweleza, basi. Mabati ameyanunua kwa kuuza maksai wake wawili, na waliowanunua wako hapa hapa, waulizwe. Wawili wakanyoosha mikono. Okia akaniuliza kama nina shahidi mwingine. Sikuwa naye. Okia akasema basi jambo lilale mpaka lipate miguu.

Tulipokuwa tunatoka, mke wa mtu mmoja alijisogeza mbali nami kama nina ndui. Ogwang hakunitazama. Mtu asiye na hatia angeniambia kitu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia tangu saa nane mchana.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kila mwaka Ogwang hutuma nyama. Mwaka huu haikuja.

Jumatano, 30 Aprili

Palizi. Mvua imezidi, njia imekuwa mto. Jana wamekuja wengine wawili na miavuli. Mtu anayekuja na mwavuli kwenye mvua ile anajua anachotafuta.

Alhamisi, 8 Mei

Nitaandika yote, maana nilisema hili ni daftari la ushahidi, na leo ushahidi ni juu yangu.

Saa tisa mchana manyunyu yalikuwa yanaanguka. Alikuja mtu mmoja peke yake, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mfuko mgongoni. Alizunguka mti wa mwisho mara mbili. Kisha akapiga magoti na kuanza kutoa mawe, moja moja, akiyapanga pembeni. Niliona mawe ya baba mkwe yakitoka mahali pake. Nikapiga yowe.

Hapa kwetu yowe halina maswali. Watu walitoka mashambani na majembe, wengine na fimbo. Yule mtu aliwaona wakija, akakimbia, na kukimbia ndiko kulikomponza. Walimwangusha kwenye mtaro. Nilisikia fimbo zikitua. Nilikuwa nimesimama barazani nikiendelea kupiga yowe, kwa sababu nilikuwa nimelianza na sikujua namna ya kulizima.

Ogwang alikuja akichechemea kutoka kwake. Alipenya katikati, akamlalia yule mtu juu, mzee wa miaka sitini na nane, akamfunika kama kuku anavyofunika vifaranga. Pigo lililokuwa likija halikuweza kurudi, likampata yeye nyuma ya sikio. Damu ilipotoka ndipo watu wakasimama. Ogwang akasema akiwa bado amelala kwenye matope, kwa Kidhopadhola, muulizeni kwanza. Hata mbwa huulizwa ni wa nani.

Okia alifika na kuwatawanya. Mgeni na Ogwang wote wawili wamepelekwa kituo cha afya kwa pikipiki. Mpini uliompiga Ogwang ulikuwa wa jembe langu. Kijana mmoja alilichukua hapa barazani, akapita mbele yangu nalo, na mimi sikumzuia.

Ijumaa, 9 Mei

Sijashona. Polisi wamekuja kuandika maelezo. Waliponiuliza mtu yule aliiba nini, nikasema mawe. Walipoenda kuangalia, mawe yote yalikuwa pale pale, kando ya mti.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi Patroba alikuja. Hakukaa kitini, alikaa kwenye ngazi. Mkononi alikuwa na kopo la plastiki la kubebea chakula, lenye kifuniko cha kubana, limefungwa ndani ya mfuko mweusi. Akasema, "Mama, hiki ndicho walichokuwa wanatafuta. Mimi ndiye niliyekiweka."

Alinieleza. Ni mchezo. Mtu anaficha kasha mahali, anaandika kwenye mtandao mahali penyewe lilipo, na wengine kutoka popote wanakuja kulitafuta kwa kufuata ramani ya simu. Wakilipata wanaandika jina kwenye kijitabu kilichomo ndani, wanalirudisha, wanakwenda. Hakuna kinachouzwa. Alifundishwa na dereva mmoja wa masafa marefu, akaupenda, na Januari akaweka kasha lake la kwanza kwenye mawe yale kwa kuwa pana kivuli na mwamba wa Tororo unaonekana vizuri.

Nikamuuliza, nilipokusimulia Machi, ulikuwa na mdomo? Akasema alikuwa nao. Alitaka kwanza kujua mti ni wa nani, ndiyo maana alimuuliza Ogwang, lakini hata kwa Ogwang alificha sababu ya kuuliza. Baadaye niliposema mbele ya ukoo alipata aibu, akaona akiliondoa kimyakimya mambo yatapoa. Kila alipopanga kuliondoa nilikuwa barazani nikitazama, mpaka juzi usiku, nikiwa ndani, ndipo alipolichukua.

"Nilidhani mpakani ni mahali pasipo na mwenyewe," alisema.

"Mpakani ni mahali penye wenyewe wawili," nikamwambia. "Na umetoka Busia, ulipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote."

Alipoondoka aliniachia lile kopo. Nimesoma kijitabu chote. Majina kumi na saba. Wa Eldoret, wa Mbale, wa Ujerumani, mmoja ameandika kwamba alikuja na baba yake aliyestaafu. Na karibu kila ukurasa nimo mimi. Wameandika: Kuna mama anashona kwenye baraza, tulimpungia hakujibu. Mama wa cherehani anatutazama, tumeona aibu tukaondoka haraka. Tulitamani kumsalimia ila anaonekana hataki watu. Miezi miwili nimekaa nikiwaandika, kumbe nao walikuwa wananiandika.

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda kituo cha afya na uji. Ogwang alikuwa ameruhusiwa jana, nyuzi saba nyuma ya sikio. Mgeni bado yuko. Anaitwa Vincent, ni fundi wa mitambo ya maji kutoka Kisumu, mkono wa kushoto umevunjika. Nilimwambia mimi ndiye niliyepiga yowe.

"Mama, si ungeniuliza tu?"

"Na wewe si ungepiga hodi?"

Aliuchukua uji kwa mkono mzima akanywa. Ana haki ya kukasirika, na amekasirika. Hakunisamehe na sikumwomba anisamehe siku hiyo, niliona itakuwa kumbebesha mzigo juu ya mkono uliovunjika. Nilikaa mpaka ndugu zake walipofika.

Jumamosi, 17 Mei

Patroba anataka kuachana na mchezo kabisa. Nilimwambia hapana. Akiliondoa kasha na kunyamaza, watu watabaki na hadithi ya mwizi wa mawe, na atakayefuata kupita hapa na simu mkononi atapigwa kwa sababu ya hadithi hiyo. Liwekwe mahali ambapo kila mtu anajua lipo. Akaniuliza wapi. Nikavaa gambuti, tukatoka.

Alipendekeza karibu na pampu ya maji. Nikamwambia wanawake wanaosha watoto pale na kukunja nguo magotini, mwanamume akisimama na simu watasema anawapiga picha, na kusema kweli nani atajua kwamba hawapigi? Akapendekeza nyuma ya kanisa. Kuna makaburi, moja la mwezi uliopita, udongo haujakaa. Akapendekeza ua wa shule, kisha akajikatiza mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Nikaona ameanza kuelewa.

Halafu akanipeleka kwenye jiwe kubwa la bapa, juu ya njia iendayo kwa jirani yetu Aboth. Hapo alikuwa na hamu napo. Kwenye ramani ya simu panaonekana jiwe tupu, hakuna nyumba. Lakini nyumba ya Aboth iko chini ya miti hatua ishirini tu, na jiwe lenyewe ndipo anapoanikia muhogo. Nikasema tumuulize mwenyewe. Aboth ni mzee, anaishi peke yake, na ukungu umemfunga macho. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatukaribisha karanga za kuchemsha, kisha akatunyima kwa upole.

"Mimi macho imekwisha," alisema. "Mtu yangu najua kwa miguu. Sasa nyinyi mnaleta miguu ya watu sijui. Nitalala namna gani?"

Njiani nilikuwa nikifikiri kwamba Aboth amesema kwa maneno machache yale niliyoshindwa kusema kwa kurasa zote hizi. Mimi sikuwa na ubaya na wale watu. Nilikuwa sijui miguu yao. Ila Aboth, asiyewajua, hakumwita jirani yake mwizi.

Jumatano, 21 Mei

Tumepata mahali. Ni lile ghala la zamani la pamba pale senta, lililobomoka paa. Jukwaa lake la kupakilia lipo barabarani, mafundi wa baiskeli wanashinda mbele yake, hakuna anayelala karibu, na mgeni akisimama pale anaonekana na watu ishirini mchana kweupe. Kasha linaweza kuwekwa chini ya ngazi, na nani atashtuka?

Shida ni moja. Mwangalizi wa ghala ni Ogwang.

Ijumaa, 23 Mei

Tumekwenda kwake, Patroba na mimi. Mkewe alitupa viti lakini si chai. Bandeji bado iko. Patroba aliomba radhi kwanza, akaeleza kasha, akaeleza ghala. Mimi nikaanza kusema maneno yangu. Ogwang akainua mkono.

"Ulisema mimi mwizi mbele ya watu," alisema kwa Kiswahili, polepole, ili Patroba pia asikie. "Sasa unakuja kusema pole kwa nyumba yangu, mlango imefungwa. Hapana. Utaniita mtu mbele ya watu."

Nikarudi nyumbani nimekasirika. Naandika ukweli. Nilikasirika njia nzima, kwa sababu alikuwa sahihi.

Jumamosi, 24 Mei

Mahindi yamefika kifuani. Viwavi kidogo.

Jumapili, 1 Juni

Ukoo umekaa, kwa Okia tena. Nilisimama na daftari lile lile. Nilisoma tarehe zile zile nilizosoma Aprili, na baada ya kila moja nikasema kilichokuwa kikitokea kweli. Tarehe tisa Machi, mume na mke walikuja kuandika majina, walinipungia mkono. Tarehe nne Aprili, Ogwang alikuwa akimweleza kijana miti ya baba yake. Nilipofika tarehe nane Mei Okia akasema inatosha. Nikasema haitoshi, nikasoma na habari ya mpini wa jembe langu. Kisha nikasema, Ogwang hakuuza kitu, mimi ndimi niliyeuza jina lake.

Hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru. Ogwang alisimama, goti lile likimsumbua, akasema amesikia. Akaeleza ukoo habari ya kasha mwenyewe, akaweka sharti lake: kila mgeni atakayekuja kulitafuta amsalimie yeye kwanza, kama hayupo awasalimie mafundi wa baiskeli. Patroba aliliandika sharti hilo kwenye mtandao palepale, akatusomea.

Kusema amesikia si kusema amesamehe. Nimekaa nalo.

Jumanne, 3 Juni

Siku ya Mashahidi wa Uganda. Nimekwenda misa, nimerudi, nimerudisha mawe ya mti wa mwisho mahali pake moja moja. Ogwang alipita upande wake wa shamba akaniona. Hakusimama.

Alhamisi, 12 Juni

Vincent amempigia Patroba. Plasta itatolewa mwezi ujao. Ameomba namba yangu, sijui kwa nini. Nimekubali apewe. Mpaka sasa hajapiga, na kila simu ikilia nadhani ni yeye.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeanza kung'oa karanga. Zimezaa vizuri upande wa mpakani. Mke wa Ogwang alikuja kunisaidia kuzichambua, tukaongea habari za viwavi tu, toka asubuhi hadi saa sita.

Jumapili, 22 Juni

Nilikuwa nimezianika karanga uwanjani baada ya misa nikasikia mtu anakohoa. Ogwang alikuwa amesimama pale uwanja wangu unapoanzia. Tangu Aprili alikuwa hajafika hapo. Kidonda kimekauka, sikio limebaki na mkunjo.

"Shemeji," akasema, "wageni wa ile kasha wamefika kwa ghala. Wamenisalimia mzuri. Lakini wanasema Kiswahili ya Mombasa, inanipita. Kuja uniambie wanasema nini." Akafikiri kidogo. "Na kama wanadanganya."

Nikamwomba mkewe, aliyekuwa njiani anakuja, aniangalizie karanga na kuku. Nikavaa viatu. Tulishuka pamoja mpaka senta, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma, na kabla hatujafika nilikuwa nimeshawaona wale wageni juu ya jukwaa, watatu, na nimeshaanza kuwatazama mikono, nione kama inapunga au inapekua.